Jedwali la Mwalimu wa Wamaza

Nina chumba cha kuchapa hapa Kasongo, mashariki ya Kongo, upande wa barabara inayoshuka sokoni. Ndani mna kompyuta mbili, printa moja, betri za sola chini ya meza, na benchi la kungojea. Watu huniita mwalimu ingawa sijawahi kushika darasa. Jina hilo lilitokana na tabia yangu. Mtu akiniletea kazi iliyoharibika, simtengenezei tu nikampa aende. Namvutia kiti, namwekea kipanya mkononi, nami nakaa pembeni yake namwonyesha pole pole mpaka mkono wake wenyewe uweze. Mume wangu hunicheka, anasema nafukuza wateja kwa kuwafundisha. Mimi nilikuwa naona hiyo ndiyo sadaka yangu.

Mwalimu wa kweli, yule wa Wamaza, aliingia asubuhi moja, viatu vimejaa tope jekundu hadi juu. Alikuwa ametoka Wamaza kwa pikipiki kabla jua halijachomoza. Alikuwa msichana bado, amejifunga kitenge juu ya blauzi ya kijani, na flash disk imening'inia shingoni kwa kamba kama ufunguo wa nyumba. Nilimkaribisha, tukasalimiana kama inavyopasa.

"Habari ya Wamaza, madamu?"

"Muzuri tu, mama. Njia njo mubaya," akajibu, kwa ile "njo" ya kwetu yenye maana ya ndiyo.

"Na watoto?"

"Niko na mumoja. Nilimuacha kwa mama yangu, ananyonya bado. Uji hataki hata kuionja, anaitema. Nitarudi leo leo."

"Mungu amukuze," nikamjibu.

Maneno hayo yalisemwa. Alinieleza yote kabla hajakaa, kwa sauti ya kawaida, mahali pake ndani ya salamu, nami nikayajibu kama tunavyojibu salamu. Kisha nikayaacha mlangoni pamoja na viatu vyake.

Kazi yake ilikuwa jedwali la masomo ya mwaka mzima, lile ambalo walimu wetu huliita prévisions: wiki kwa wiki, somo litakalofundishwa, lengo lake, na vifaa vitakavyotumika. Mkaguzi alikuwa anatarajiwa shuleni kwao keshokutwa yake, na mkuu wa shule alikuwa amewaambia walimu wapya kwamba asiye na jedwali lililochapwa atampisha mwingine darasani. Ndugu yake mmoja alikuwa amemwandikia kwenye kompyuta huko Kabambare, ila huko printa ilikuwa imekufa. Ndiyo maana akaja kwangu. Alitaka kitu kimoja tu: karatasi zitoke, apande pikipiki, afike nyumbani kabla ya jioni.

Nilichapa ukurasa wa kwanza. Ukatoka maneno matupu, yamesambaa kwenye karatasi kama karanga zilizoanikwa, bila mstari hata mmoja wa kuyatenga.

Alinyanyua macho kuangalia kompyuta, akarudi kwenye karatasi. "Lakini mu kioo mistari iko."

Hapo ndipo nilipofurahi. Swali hilo ninalipenda kuliko yote. Nilimvutia kiti.

"Kaa hapa, madamu. Unajua shambani, kabla ya kupanda karanga, tunavuta kamba ili tuende sawa?"

"Ndiyo, mama."

"Ukimaliza kupanda, ile kamba inabaki?"

"Tunaitoa."

"Basi. Hii mistari ya rangi ya majivu unayoiona kwenye kioo ni kamba tu. Inakusaidia wewe na macho yako. Printa haiijui. Ukitaka mistari ya kweli, lazima uiombe."

Alicheka, meno yote nje. "Kumbe ni kamba."

Nilimwonyesha namna ya kulichagua jedwali zima kwa kubofya ile alama ndogo kwenye pembe yake ya juu, kisha kufungua mahali pa mipaka na kuchagua mipaka yote. Alikosea, nikamwacha akosee. Akarudia. Mara ya tatu mistari ikatokea myeusi, naye akaigusa kwenye kioo kwa kidole kama anayehakikisha rangi imekauka.

Tukachapa tena. Safari hii mistari ilitoka, lakini upande wa kulia safu ya vifaa ilikuwa imekatwa katikati. Palipopasa kusomeka "mawe ya kuhesabia" palisomeka "mawe ya ku".

Nikamweleza kwamba jedwali lake ni mkeka mpana kuliko chumba. Mtu mwenye akili haukati mkeka. Anaugeuza, au anahamia chumba kingine. Tukalaza karatasi ili upana uwe mkubwa. Tukaangalia pia saizi, tukakuta yule ndugu yake aliandika kwa karatasi ya kipimo cha ng'ambo, wakati printa yangu ina A4. Kisha nikamwonyesha pale pa kuliamuru jedwali lijipime lenyewe kulingana na ukurasa. Nikamwambia alifute hilo badiliko, alifanye upya bila mimi. Akalifanya. Ningeweza kuyamaliza hayo yote kabla maji ya chai hayajachemka, lakini nilitaka ajue.

Mtu wa pikipiki alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa kijana mrefu, amefunga mfuko wa plastiki kwenye kila kiatu.

"Madamu, tuende. Mbingu iko inajifunga upande wa kule."

Mwalimu aligeuka nusu. Nakumbuka kwamba aligeuka. Alifungua mdomo, kisha akaniangalia mimi.

"Kunywa chai kwanza, mutoto wangu," nikamwambia yule kijana. "Madamu hayaelewa bado. Ukimukimbiza sasa, kesho atarudi na shida ile ile."

"Mama, mie naogopa lile daraja. Miti yake ikiloa, tutavuka kama vyura."

"Vyura vinavuka bien, muzuri kabisa," nikasema, na watu wa kwenye benchi wakacheka. Kijana naye akacheka, akaenda kunywa chai.

Kwetu, anayekufundisha humkatishi. Mtoto wa watu akionyeshwa kitu na mtu mzima, anasema ndiyo, na akichoka anasema ndiyo, na hata nyumba yake ikiwaka moto nadhani atangoja mtu mzima avute pumzi. Mimi nililelewa hivyo hivyo na niliwalea wanangu hivyo. Lakini siku ile nilizisikia zile ndiyo zake, zikiwa zinafupika kila mara, nikazihesabu kuwa hamu ya kujifunza.

Karatasi iliyofuata ilikuwa na upana wote, lakini ndani ya visanduku maneno yalikuwa yamekatwa kiunoni. Mstari wa pili wa sentensi ulionekana vichwa vya herufi tu, miguu imezama. Ukikutana na jambo hilo usiogope, maneno hayajapotea. Yapo, ila kisanduku kimekatazwa kukua. Mtu aliyeandika aliweka kimo cha kila mstari kuwa kile kile hasa, kisizidi, pengine kwa kutaka upendeze.

Nikatafuta mfano. Nikasema: "Ni kama blauzi, madamu. Fundi ameishona akaibana, hakuacha nguo ndani ya kufungulia. Mwili ukijaa, blauzi haikui. Sasa kinachozidi kitaenda wapi?"

Alivuta kitenge chake juu, akakifunga upya kifuani, mkono mmoja ukabaki pale umekishikilia. "Ndiyo, mama," akasema.

Nilidhani amependa mfano.

Tukafungua sifa za jedwali, tukaingia penye mistari, tukabadili kutoka "kimo hasa" kuwa "angalau". Visanduku vikanyooka mara moja, kama watu waliokuwa wamejikunyata. Alikuwa anatumia mkono mmoja tu sasa, akibofya pembeni ya alipolenga. Nilimwambia asiogope kompyuta, haiumi.

Adhana ya adhuhuri ikatupata hapo. Nikaenda kuswali, nikamwachia zoezi la kufanya. Niliporudi alikuwa amelimaliza, amekaa wima sana, haegemei kitu.

Basi tukachapa jedwali zima. Na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokwama. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri, lakini chini yake jedwali lilizama tu, kama mtu aliyeingia mtoni asitoke. Wiki za muhula wa mwisho hazikuwapo ukurasa wa kwanza wala wa pili. Kwenye kioo ungeweza kuona mstari mmoja umening'inia ukingoni, mingine imekwenda chini ambako hakuna karatasi.

Nilijaribu kuruhusu mistari igawanyike kati ya kurasa. Haikusaidia. Nikapunguza maandishi. Haikusaidia. Nikazima kompyuta nikaiwasha, jambo ambalo huwakataza wengine. Ningeweza kumwambia, "Madamu, hili silijui, ngoja nikuandikie hizo wiki chache kwenye ukurasa wake, uende." Ingekuwa kazi ndogo. Jedwali lingetoka vipande viwili, na mkaguzi asingejua. Badala yake niliendelea kueleza kwa sauti kila nilichokuwa najaribu, kana kwamba kukwama kwangu nako ni somo.

Kijana wa pikipiki alirudi. Safari hii hakuingia. Alipiga honi, mara mbili. Upepo ulikuwa umeanza kuinua vumbi la sokoni na wanawake walikuwa wanafunika unga.

Mwalimu alisimama. "Mama, labda…"

"Karibu tunaipata, madamu. Kaa kidogo."

Akakaa.

Mimi ndiye niliyetoka nje. Nilimwambia kijana kwamba kama anaogopa mvua, aende zake, madamu atapata mwingine. Nilisema hivyo kwa wema, nilifikiri. Aliniangalia, akatazama mbingu, akakanyaga kiki, akaenda zake.

Dawa ya lile jedwali, kwa atakayeihitaji, ni hii. Kuna jedwali lililowekwa lielee, maneno yalizunguke pande zote, na jedwali la namna hiyo mara nyingine halijui kuvuka ukurasa. Unaingia kwenye sifa zake, mahali pa kuzungushia maneno, unachagua pasipo na kuzungushia. Ni hilo tu. Nilipobofya, wiki zote za mwisho zikashuka zikajipanga kwenye ukurasa wa pili, kama watoto waliosikia kengele. Nikamwambia aweke pia vichwa vya safu vijirudie juu ya kila ukurasa, na hilo nalo akalifanya kwa mkono wake.

Printa ikatoa karatasi zote, nzima. Niliziinua nikazipanga pembe kwa pembe. Nilikuwa na furaha isiyo na kipimo. Nje tone la kwanza likapiga bati, kisha mengine, kisha hatukusikiana tena.

Mama mkwe wangu anaishi nyuma ya chumba hicho, mlango mmoja na ua wetu. Aliingia kufunga dirisha, kanga imefunika kichwa. Alimwona mwalimu, akasimama. Hakumsalimu hata. Alinigeukia mimi.

"Mukamwana wangu, we uko na macho?"

"Nini, mama?"

"Mutoto wa watu maziwa iko inamwagika mpaka kwenye kiti, nawe unamuonyesha makaratasi."

Ndipo nilipoangalia. Kitenge kilikuwa kimelowa kuanzia kifuani hadi tumboni, na blauzi ya kijani ilikuwa imegeuka nyeusi pande mbili. Uso wake ulikuwa unang'aa jasho, si la joto. Mkono ule aliokuwa ameushikilia kifuani tangu nilipotoa mfano wa blauzi ulikuwa bado uko pale.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

Alitazama chini. "Mulikuwa munanifundisha, mama."

Mimi nimenyonyesha watoto wanne. Najua kifua kinavyogeuka jiwe, najua joto lake, najua namna hata mkono wa blauzi ukikugusa unataka kulia. Hakuna kitabu kilichopaswa kuniambia. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya maziwa, na harufu hiyo ninaijua kuliko harufu ya wino.

Mama mkwe alimshika mkono akampeleka ndani. Alimwekea maji ya moto na kitambaa, akamkamulia mwenyewe, taratibu, huku akiniita nilete bakuli, nilete kitambaa kingine, nisisimame kama mlingoti. Kwetu maziwa ya mama hayamwagwi chooni wala njiani watu wanapopita. Mvua ilipopungua, mama mkwe alitoka na bakuli akalimimina kwenye shina la mgomba. Aliporudi aliniwekea bakuli mikononi, nilioshe.

Pikipiki haikuwapo. Hakuna aliyekubali kwenda njia ile baada ya mvua hiyo. Tulijaribu simu ya jirani yao huko Wamaza, mara nyingi, ikawa haipatikani. Mtandao wao hutafutwa juu ya kilima, na nani angepanda kilima kwenye mvua? Mwalimu alikaa jikoni kwetu, karatasi zake zimefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki mapajani. Alikuwa hajawahi kulala mbali na mtoto.

"Saa hii amelia akachoka," alisema, si kwangu, kwa mama mkwe. "Mama yangu atamupa uji. Ataitema."

"Akisikia njaa kabisa ataimeza," mama mkwe akamwambia.

"Njo kile kinaniuma."

Asubuhi mapema tulimpatia pikipiki nyingine. Mama mkwe alimfungia ndizi. Mimi nilitafuta maneno, nikaishia kumwuliza kama flash disk anayo. Akaigusa shingoni. Halafu akanishika mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya mabinti wa kwao, akanishukuru. Aliniambia hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kitu kwa uvumilivu namna ile. Alisema kweli, macho yake yalionyesha hivyo, na ningependa zaidi anitukane.

Wiki zile baada ya kuondoka kwake niliendelea na kazi. Mtu akiniletea jedwali lililokatika, nilikuwa namtengenezea haraka na kumpa, bila neno. Mume wangu akauliza kama naumwa. Watu wa kwenye benchi walinung'unika kwamba nimebadilika, nimekuwa kama ofisi. Na kweli, haikuwa dawa. Mama mmoja alirudi na kosa lile lile mara mbili kwa sababu sikumwonyesha.

Mwalimu alirudi kiangazi, barabara ilipokuwa imekauka. Nilimtambua kwa kamba ya shingoni. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto wa kiume mnene, kichwa kikubwa, anayetazama kila kitu kama mwenye mali. Nilimsalimu, na safari hii nilingoja kila jibu hadi mwisho.

"Na mkaguzi?" nikauliza baadaye.

"Alisaini. Akaonyesha wengine, akasema mufanye kama ya madamu. Sasa wanataka niwafanyie." Akatoa mfukoni flash disk nyingine mbili, za walimu wenzake. "Nilikuja kuzitoa kwa karatasi. Nitafanya mwenyewe, mama, mupumzike."

Alimfungua mtoto, akaniletea mimi. Nilimpakata. Alikuwa na uzito wa kutosha. Alishika kidole changu akakikagua, kisha akaanza kulia kidogo, ule wa kuomba.

"Anataka nyonyo," nikasema nikimrudishia. "Shika kwanza umunyonyeshe. Kazi haitakimbia."

"Hanyonyi, mama."

Alisema hivyo huku anafungua chupa ndogo ya uji kutoka kwenye kikapu. Akamimina kwenye kikombe, akaniwekea mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku. Nilifika, nikamupa, akageuza uso. Nilijaribu siku nyingi. Alikuwa ananiangalia tu, kama ananiuliza kitu. Kisha maziwa yakakauka." Aliniangalia usoni, na sijui aliona nini kwangu, maana aliongeza haraka: "Si juu yenu, mama. Watoto wengine njo vile. Hata kama ningerudi ile jioni, labda angekataa tu."

Labda. Neno hilo nimeligeuza sana. Mama mkwe anasema watoto huacha wenyewe, anataja majina ya watoto wa ukoo wetu walioacha wenyewe. Nesi jirani yetu anasema mtoto akikaa muda mrefu bila titi, na titi likiwa limevimba, mara nyingine hukasirika asirudi. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Hakuna pa kuingia ukabofya ukajua.

Mwalimu alikaa kwenye kiti kile kile. Alifungua kazi ya kwanza, akaitazama kwenye mwonekano wa kuchapa kabla ya kupoteza karatasi. Akalaza ukurasa. Akatia mipaka. Akaingia kwenye sifa, akaondoa kimo kilichobana, akaondoa kule kuelea. Mwanamume mmoja kwenye benchi akamwuliza mistari inatoka wapi, naye akamjibu bila kugeuka: "Ile unayoona ni kamba ya shamba, baba. Haichapwi." Akaanza kumweleza. Alieleza vizuri, pole pole, akirudia pale ambapo yule baba hakuelewa.

Mtoto alikunywa uji wote. Nilimfuta mdomo kwa pindo la kanga yangu. Printa ilianza kutoa karatasi, jedwali zima hadi wiki ya mwisho, na mama yake alikuwa bado anaeleza.

"Madamu," nikamwambia, "yule wa pikipiki yuko mlangoni."

"Bado kidogo, mama. Baba huyu hayaelewa."

"Nitamweleza mimi. Wewe nenda."

Nilimfunga mtoto mgongoni mwake kwa mikono yangu, nikakaza kitenge mara mbili, nikawasindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilisimama pale mpaka vumbi lao likatulia, kisha nikarudi kwa yule baba, nikamvutia kiti, na kabla sijamwekea kipanya mkononi nikamwuliza ameacha nani nyumbani.